Waridi Alitoka Chumbani

Waridi alikutana na Moubarak kwenye duka la fotokopi karibu na chuo, wiki ambayo foleni ilifika hadi barabarani. Umeme ulikatika, mashine ikasimama. Uliporudi, kurasa zake za sheria zilikuwa zimechanganyika na za kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Dada, hii ya talaka ni yako?" kijana aliuliza.

"Ni ya masomo. Mi sijaolewa, nitaachwaje?"

"Basi nashukuru umeme ulikatika."

Waridi alicheka, akauvuta mtandio wake wa buluu. Alizaliwa mtaa wa Bwiza, ambako mama yake anauza vitenge. Moubarak alikuwa akisomea uchumi. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, na waliishi Kigobe, mtaa wa wenye uwezo. Kwa miezi minne Moubarak alimpigia Waridi simu kila jioni baada ya magharibi.

"Umekula nini, roho yangu?"

"Maharage."

"Tena?"

"Tena. Unioe, unipe samaki."

Moubarak aliahidi kwamba akimaliza tu tasnifu yake ya biashara ya mawese, atatuma wazee kwao Waridi.

Waridi alikuwa kwenye kamati ya uaminifu, amechaguliwa na wenzake. Chuoni mwao kila mwanafunzi alitia sahihi kiapo siku ya kwanza kwamba hataiba kazi ya mtu. Aliyekivunja alihukumiwa na wanafunzi wanne na mwalimu mmoja.

Asubuhi moja ya Juni mwalimu Léonce aliweka faili mezani. Jina la mwanafunzi lilikuwa limefutwa, lakini kichwa cha kazi kilibaki: biashara ya mawese Rumonge. Kurasa kumi na moja zilinakiliwa neno kwa neno kutoka tasnifu ya mtu wa Bukavu. Hata makosa ya tahajia yalikuwa yale yale.

Waridi alisoma, akafunga faili. Alingoja moyo umwende mbio, haukwenda.

"Huyu ni mchumba wangu," alisema. "Siwezi kumhukumu."

"Una neno la kumtetea?"

"Sina."

Akatoka. Kwenye korido mama mmoja alikuwa anapiga deki, na Waridi alimtazama mpaka sakafu yote ikakauka. Ndani waliamua Moubarak arudie mwaka.

Alasiri simu ililia.

"Nimeonyeshwa karatasi ya kamati," Moubarak alisema. "Jina lako liko juu. Ni we ulinisema?"

"Apana."

"Lakini ulijua."

"Nilijua leo asubuhi."

"Na hukunipigia."

Akakata. Waridi hakumpigia tena. Hakuwa na hasira, alikosa tu la kusema.

Siku zikaenda. Dukani kwa mama yake alipima vitenge, akakata, akakunja. "Una nini, mutoto wangu?" mama alimuuliza. "Hamuna kitu, mama," alijibu, na ilikuwa karibu na kweli. Alitetea tasnifu yake, akafaulu vizuri. Shangazi zake walimpigia vigelegele; akatabasamu kwa sababu mtu alikuwa anapiga picha.

Agosti Moubarak alienda kujiandikisha upya, na Léonce akamweleza. Kurasa zile ziligunduliwa na mwalimu aliyemsimamia. Waridi alitoka chumbani kabla hawajaanza. Jina lake lilibaki tu kwenye orodha ya waliofika.

Ijumaa baada ya sala Moubarak alikuja dukani, amevaa kanzu, amekonda. Mama alimwitikia salamu, akaingia ndani kuwaachia nafasi.

"Nimekuja kuomba samahani."

"Ya kunisingizia, ao ya kuiba?"

"Zote mbili. Baba alikuwa ananiuliza kila siku nitamaliza lini. Niliandika kurasa chache, maneno yakaniishia. Nikasema nachukua ukurasa moja tu."

"Ungeniambia."

"We uko kwa kamati. Nilikuogopa kuliko baba." Alitazama mikono yake. "Kama ungejua mbele, ungenificha?"

Waridi alifikiri. "Apana. Ningekwambia uende kusema mwenyewe."

"Una hasira na mimi?"

"Sijisikii kitu, Moubarak. Miezi miwili sasa. Watu wananipongeza, mi naona kama wanasema na mutu mwingine. Nilingoja nilie, sikulia."

Moubarak alivuta kigoda, akaketi, hakumgusa.

"Bado nataka kukuoa," alisema.

"Maliza kwanza."

"Ni mwaka muzima."

"Najua. Nitakuwa hapa."

"Na kama hutajisikia kitu?"

"Basi nitakwambia hivyo hivyo. Mi sitakudanganya, na we usinidanganye."

Akaitikia kwa kichwa. Mteja aliingia, akaonyesha kitenge cha kijani kilichokuwa juu kabisa. Waridi alikishusha, akakikunjua. Moubarak aliinuka bila kuambiwa, akashika upande wa pili wa kitambaa, akakinyoosha mpaka Waridi alipomaliza kukata.