Kiti cha Mzee Maboga

Simu ya mke wangu ilinikuta chini ya gari, mgongo juu ya turubai, kutu ikinidondokea machoni. Saa kumi na mbili jioni, kasoro dakika chache.

"Niko hospitali," alinong'ona. "Babu amelala. Nakuomba kitu kimoja tu. Kamwagilie bustani yake."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Mchicha ukilala na kiu leo, kesho si mboga tena."

Nilicheka. Mchicha kulala na kiu! Huyo aliyemwita Babu hakuwa babu yake wala wa mtu yeyote. Alikuwa jirani yetu wa nyuma ya uzio, mzee aliyefiwa na mkewe miaka mingi, na mtaa mzima ulimwita Mzee Maboga. Mtu mzima na akili zake, kutwa kachuchumaa kwenye matuta, anasemezana na nyanya, anabembeleza bamia. Nilimdharau, sifichi. Siku hizo niliwadharau watu wengi, lakini yeye aliwatangulia wote. Mtu pekee aliyeweza kunivumilia chini ya jua ni mke wangu, na hata yeye nilimjibu nusu mdomo.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Za maduka, za maghala, za zahanati. Springi nazijua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Nikiweka kiganja juu yake najua imebeba nini. Jioni nikitoka kazini nilikuwa na gari langu la porini, lile la zamani la bodi ya bati, nililolikuta limeoza nikalifufua kwa miaka minne. Injini ilishanguruma. Breki zilishashika. Lilikosa kitu kimoja, kiti cha abiria. Mahali pake niliweka kreti la soda, na mke wangu akakataa katakata kupanda.

"Siku utakaponipa kiti cha mtu, nitapanda," aliniambia. "Mimi si chupa."

Sasa, nyuma ya nyumba ya Mzee Maboga lilikuwapo gari pacha wa langu. Limekaa pale miaka, limefunikwa na mtambaa wa maboga mpaka paa, na ndani yake kiti kizima cha abiria. Nilikwenda kumwomba mara tatu. Mara tatu alinijibu vilevile, bila kuinua macho kwenye matuta yake.

"Kijana, hicho kiti kina mtu."

Mzee amechanganyikiwa, nikasema. Anakalisha maboga kwenye kiti!

"Bado upo?" mke wangu aliuliza kwenye simu. "Kuna jambo jingine. Amenisisitiza sana kabla hajalala. Ukiwa kule, ukisikia unaulizwa swali, jibu 'bado kidogo'. Usiongeze neno."

"Niulizwe na nani? Na biringanya?"

"Jibu hivyo tu, tafadhali. Ameniapisha."

Nikachukua mpira wa maji. Nikachukua na spana namba kumi na saba, nikaitia mfukoni. Sikuichukua kwa kupitiwa.

Bustani ilikuwa kimya. Nilimwagilia haraka haraka, kama mtu anayelisha mbwa asiye wake. Matuta yalinyooka kama mistari ya daftari, na hapakuwa na jani moja lenye tundu. Hilo nalo liliniudhi. Nikafunga maji, nikalielekea gari.

Majani ya maboga yalikuwa mapana kama sahani. Nilipoyafunua, harufu ikanipiga. Udongo mbichi... halafu kitu kingine. Spiriti ya hospitali, ile wanayokupangusia mkononi kabla ya sindano.

Kiti kilikuwa safi. Hakuna vumbi, hakuna mchaniko. Shina nene la boga lilipita juu yake, likazunguka nyuma ya mgongo, likarudi mbele na kujifunga kama mkanda wa usalama. Nilikibonyeza kiti kwa kiganja. Kilikuwa kimedidimia. Nikajiambia springi zimechoka kwa uzee. Mimi, fundi wa mizani, nikajidanganya hivyo macho makavu.

Nikakata shina kwa kisu. Nikaingiza spana. Bolti ya kwanza ilitoka kwa ulaini. Mtu alikuwa akiipaka oili. Ya pili. Ya tatu.

Nilipoishika ya nne...

"Tumefika?"

Sauti ya mwanamke. Nyembamba, ya mtu aliyesinzia safarini. Ilitoka juu kidogo ya sikio langu.

Mbwa wa jirani, anayebwekea hata kivuli chake, alinyamaza. Nilitazama kiti. Kitupu.

"Tumefika?"

Niliogopa, nakiri. Lakini woga wangu haukudumu, maana mara moja nikapata maelezo ya kuniridhisha. Mzee kaficha kinasa sauti humu! Kategea wezi! Mimi ndiye wa kutishwa na mkulima wa bamia? Hasira zikanipanda, na kwa hasira zile nikapaza sauti.

"Tumefika, mama! Shuka!"

Springi zikapanda.

Zilipanda polepole, zikilia, kama mizani ya ghalani unapoiondolea gunia. Uzito wa mtu mzima, tena mwembamba. Kilo arobaini na tano, haizidi hamsini. Katika jambo hilo siwezi kukosea. Halafu mchicha ukaanza kulala. Shina hapa. Shina pale. Hatua, hatua, hatua, mpaka getini. Geti halikufunguka, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Mwenye akili angekimbia. Mimi nilitoa bolti ya nne, nikajitwika kiti, nikaenda nacho nyumbani. Mdharau mwiba humchoma, wanasema, lakini wangesema pia kwamba wengine tukishachomwa tunaukanyaga tena ili tuhakikishe.

Nilikuwa nakaza bolti ya mwisho kwenye gari langu simu ilipolia.

"Babu amekwenda," mke wangu alisema, akilia. "Sasa hivi tu. Alifumbua macho, akatazama mlangoni, akasema, 'Nani amekwambia ushuke?' Basi, akakata roho."

Nikaiweka spana chini.

"Na hapa mfagiaji anagomba na kila mtu. Anasema kuna mtu kaingia wodini peku, kajaza nyayo za matope mpaka kitandani." Akavuta pumzi. "Uliulizwa chochote kule?"

"Hakuna aliyeniuliza kitu."

Tulimzika siku ya pili yake, makaburi ya nje ya mji. Mke wangu alitangulia na majirani, akarudi na mimi. Alipoliona gari lina kiti, uso wake uliovimba kwa kulia ulichangamka kidogo.

"Umekipata wapi?"

"Kwa wauza vyuma chakavu."

"Haya," akasema, akipanda, akakipigapiga. "Leo na mimi ni mtu."

Hayo ndiyo maneno yanayoniumiza mpaka leo. Nilikuwa na njia nzima ya kumwambia ukweli. Kilomita ishirini. Nikawa nasikiliza gia.

Jua lilikuwa linazama alipoanza kunisimulia, kwa sauti ya chini. Babu alimweleza hospitalini, alisema. Mkewe aliugua ghafla, naye akampakia kwenye gari lile. Njia nzima mama wa watu aliuliza, tumefika? Naye akamjibu, bado kidogo, mke wangu, bado kidogo. Lango la hospitali lilipoonekana, mama akawa haulizi tena. Hakupata kumwambia kwamba wamefika.

"Walimzika," mke wangu alisema. "Lakini jioni ile ile, Babu anasema, kiti kikamuuliza. Akamjibu alivyozoea. Anasema siku mama atakapoambiwa wamefika, atashuka, atamfuata yeye, waondoke wote." Akapiga mwayo. "Huzuni ya mzee, maskini. Mbona humu ndani kunanuka spiriti?"

Nikashusha kioo. Yeye akalaza kichwa pembeni, akasinzia.

Tulifika nyumbani giza likianza kuingia. Nikasimamisha gari mbele ya geti. Nikazima injini.

"Tumefika?"

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Nikageuka. Macho yake yalikuwa yamefumba.

Midomo yake haikuwa imecheza.

Nikamshika mkono. Wa baridi, kama spana iliyolala nje. Nikamshika begani, nikajaribu kumwinua taratibu, bila neno. Mwili wake haujasogea hata kidogo, springi chini yake zikaanza kupanda. Nikamwachia. Zikashuka. Mke wangu ana kilo sitini na nane. Nilishampima mwenyewe kwenye karakana yangu, kwa utani, wiki tuliyooana.

"Tumefika?"

Katika maisha yangu sijawahi kumtii mtu upesi namna ile.

"Bado kidogo," nikasema. "Bado kidogo, mke wangu."

Akavuta pumzi. Ndefu, ya kuridhika, kisha akaendelea kulala.

Sikumshusha. Nililizungusha gari, nikaubomoa uzio, nikaliegesha kwenye bustani ya mzee, pembeni ya lile pacha lake. Nikauvuta mtambaa wa maboga, ule niliokuwa nimeukata, nikaupitisha juu ya mapaja yake na nyuma ya kiti. Sikujua ninachokifanya. Niliiga tu nilichokiona. Asubuhi nilikuta shina limejifunga lenyewe.

Siku tatu. Alikuwa anapumua. Nikimtilia uji mdomoni kwa kijiko, anaumeza. Kila magharibi aliuliza, kila magharibi nilijibu. Katikati ya hapo sikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo nikamwagilia mchicha. Nikapalilia bamia. Nikajikuta naiambia nyanya pole, kwa kuwa niliigonga na jembe.

Siku ya tatu, jua likizama, alikuja dada yake mkubwa. Ni mwalimu mkuu, mama wa viatu virefu na sauti ya gwaride.

"Shemeji, mdogo wangu yuko wapi? Siku tatu hapokei simu!"

"Yuko safarini," nikamjibu.

Alinitazama. Mabuti ya marehemu miguuni, ndoo mkononi, udongo mpaka kwenye ndevu. Mtazamo ule niliufahamu vizuri, maana ulikuwa wangu. Nilimtazama hivyo Mzee Maboga miaka yote. Nikamvuta kando, nikamweleza kila kitu kwa kunong'ona. Kiti, swali, jibu, uongo wangu. Nikamwomba. Nilipiga magoti, mimi, kwenye tuta la biringanya.

Akacheka.

"Shemeji, umelewa au umerogwa? Mtu mgonjwa unamfungia kwenye mkweche, unamfunika maboga!"

Akanipita, visigino vikizama kwenye mchicha. Nikamkimbilia. Nikamshika mkono, akaniponyoka. Na kutoka ndani ya majani, kwa sauti ya usingizi...

"Tumefika?"

"Bado kid..."

"Mmefika zamani, mama!" dada yake akapaza sauti kuliko yangu. "Hebu shuka huko!"

Springi zikapanda.

Shemeji alifungua mlango, akamkumbatia, akamwita kwa majina yote ya utotoni. Mke wangu alikuwa bado ameketi palepale, kichwa kimelala pembeni. Ila kiti chini yake kilikuwa kimeinuka juu, kama kiti kisichokaliwa na mtu. Yowe la dada yake lilipotoka, mimi sikuwa namtazama yeyote kati yao. Nilikuwa natazama chini.

Majani ya maboga yalikuwa yanalala. Moja. Jingine. Jingine. Nilingoja yaelekee getini.

Yalikuwa yanakuja kwangu.

Sikukimbia. Ningemkimbiaje? Harufu ya spiriti ikanizunguka, kisha kitu cha baridi kikaniegemea begani, taratibu, kama mtu aliyechoka na njia. Nikafumba macho nikingoja tuondoke wote, lakini tulibaki palepale.

Madaktari waliandika kwamba moyo wake ulisimama. Dada yake hasemi nami. Mtaani wamenipa jina, na mnalijua. Ni lile lile la mzee. Wananitazama nikichuchumaa kwenye matuta, wanacheka. Wacheke. Mimi nilicheka kuwazidi.

Tangu nioe, nina kilo sabini na tatu. Sijaongeza, sijapungua. Wiki iliyopita nilipanda mizani mpya ya ghalani kuijaribu kabla sijawakabidhi wenyewe. Ikaonyesha kilo mia moja arobaini na moja.

Nimeifungua mara tatu kutafuta kosa. Mizani ni nzima.