Siri ya Siga na Baba Yake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Siga alimpelekea baba yake uji wa mtama, kisha akahakikisha kwamba mikanda ya buti lake la hospitali imekazwa vizuri. Mama yake, Dibor, alikuwa ameshaondoka na samaki wake wakavu kwenda soko la mji wa Fatick.

Baba, Waly Diouf, alikuwa mpiga mieleka aliyejulikana mji mzima. Kano ya kisigino chake ilikatika mazoezini, ikashonwa. Bi Marème, mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitalini, alimwonya asikanyage bila buti mpaka atakaporuhusiwa. Kwa sasa alitakiwa kunyoosha kifundo cha mguu polepole tu, kila siku.

Mashindano ya mieleka ya baada ya mavuno yalipokaribia, Siga alirudi kutoka shule akamkuta baba nyuma ya nyumba, buti liko pembeni, akirukaruka mchangani.

"Usimwambie mama yako," baba alisema huku akihema. "Hii ni siri yetu, mimi na wewe."

Siga alimpenda baba yake kupita kiasi. Mama alipouliza jioni, alijibu kwamba baba alishinda amepumzika. Kule hospitalini, Bi Marème alipouliza kwa nini mguu umevimba, Siga alitazama sakafu.

Siku chache baadaye kano ilikatika tena. Siga alisikia mlio kama wa kijiti kikavu, akamwona baba ameanguka, ameshika kisigino. Baba alipasuliwa mara ya pili. Daktari alisema angetembea, lakini mieleka ndiyo basi tena.

Siku ya mashindano, ngoma zilisikika mpaka nyumbani kwao. Baba aligeukia ukutani, mabega yakatikisika. Siga hakuwa amewahi kumwona akilia. Alikimbilia jikoni akamweleza mama yote. Mama hakumgombeza. Aliweka sufuria chini, akamkumbatia, wakalia pamoja.

Buti lilipovuliwa hatimaye, kazi ya kujifunza kutembea upya ilianza. Iliuma, na baba alikuwa amekata tamaa. Siku moja hospitalini, Bi Marème aliuliza kama anafanya mazoezi nyumbani. Baba akaitikia kwa kichwa.

Siga alimgeukia Bi Marème. "Hapana," alisema. "Tangu juzi hajafanya. Analala tu."

Baba alimtazama Siga, macho yakamlowa.

"Anasema kweli," alisema. Kisha akamshika mkono. "Mwanangu, ile siri haikuwa mzigo wako. Kosa ni langu niliyekutwisha. Lakini sikiliza: mtu akikuomba ufiche jambo linalomdhuru, hata akiwa baba yako, sema. Atakasirika, ndiyo. Hasira hupoa. Nilichopoteza mimi hakirudi."

Akafuta uso kwa kiganja, akashika ukingo wa kitanda, akaanza kuinua kisigino kama alivyofundishwa.