Tukipiga Simu, Nani Atakuja?

Kila asubuhi Maribel Treviño husikiliza kwanza, ndipo apike. Husimama mlangoni mwa chumba cha binti yake Itzel, mwenye miaka tisa, na kusikiliza pumzi. Pumzi ikiwa kimya, anakwenda jikoni kukaanga mayai na kupasha moto tortiya, chapati nyembamba za mahindi. Ikipiga mluzi, mayai yatasubiri.

Itzel ana pumu. Mwezi wa pili ilimbana vibaya, mpaka midomo ikabadilika rangi. Ambulensi ilifika baada ya dakika sita tu, kutoka kituo cha zimamoto kilicho karibu na kanisa. Hospitalini daktari alimwambia Maribel, "Mama, mmewahi. Mngechelewa robo saa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Tangu siku hiyo Maribel hajalala usingizi mzima.

Mumewe, Rogelio, ni fundi wa viyoyozi. Huku kusini mwa Marekani, joto likipanda, fundi wa viyoyozi hutafutwa kuliko mchungaji. Lakini Rogelio ana hasira yake. Gari lake la kazi limevunjwa mara mbili mwaka huu. Wezi walibeba vifaa vyote. Mara ya pili polisi walifika baada ya kungojwa saa tatu nzima.

"Saa tatu!" husema kila akikumbuka. "Ningekuwa nimeshaoa mke mwingine."

"Nani angekutaka, na unavyokoroma?" Maribel humjibu.

Mwezi wa tisa ilikuja barua kutoka jijini. Rogelio aliifungua akiwa bado amesimama kwenye sanduku la barua. Ilisema kwamba wakazi wa mtaa wa Quail Hollow watapiga kura mwezi wa kumi na moja. Wataamua kama mtaa wao ubaki katika jiji la Palo Blanco au utoke.

"Hatimaye!" Rogelio alisema. "Tutoke. Jiji lenyewe halituletei polisi."

"Umesoma barua yote?" Maribel aliuliza.

"Nimesoma ya kutosha."

"Umesoma mistari miwili."

"Mistari miwili mizuri."

Kesho yake alipita bwana mmoja mwenye kofia pana, jina lake Kolb. Alikuwa akigonga nyumba hadi nyumba. "Jiji lilipunguza fedha za polisi," alisema. "Sasa serikali ya jimbo inaliadhibu, na ni haki yao. Ninyi jiokoeni. Tokeni! Mtalipa kodi ndogo, na sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, atawalinda."

Rogelio alimpa mkono. Akapokea bango lililoandikwa TUTOKE na kulichomeka mbele ya nyumba.

Maribel aliliangalia bango lile kupitia dirisha la jikoni.

"Tukitoka, ambulensi je?" aliuliza.

"Ambulensi ni ambulensi. Haiulizi mtu anaishi wapi."

"Una hakika?"

Rogelio alitoka kwenda kulisawazisha bango. Hakuwa na hakika. Lakini hakupenda kusema.

Maribel aliichukua barua akavuka barabara kwenda kwa jirani yao, Bi Verna Hodges. Bi Verna ana miaka sabini na moja. Alifanya kazi katika kituo cha simu za dharura kwa miaka ishirini na sita. Mtu akipiga simu kwamba nyumba inaungua, au mtoto hapumui, ndiye aliyepokea.

Bi Verna aliisoma barua mbele na nyuma. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu, keti. Unajua kwa nini mmepewa kura hii?"

"Kwa sababu ya polisi."

"Ndiyo na hapana. Sikiliza. Baraza la jiji lilichukua sehemu ya fedha za polisi. Likaongeza ambulensi, ikiwemo ile ya pale kanisani. Jimbo lina sheria. Jiji kubwa likipunguza fedha za polisi, linaadhibiwa. Haliruhusiwi kupandisha kodi za nyumba. Sehemu ya kodi ya mauzo inachukuliwa. Na mitaa iliyoingizwa jijini miaka ya karibuni, kama huu wetu, inapewa kura ya kutoka."

"Sasa nani ana haki, Bi Verna? Gavana wa jimbo au meya wa jiji?"

"Wote wawili wana midomo mikubwa. Gavana anasema bila polisi wa kutosha wezi watashangilia, na kuna watu waliowahi kuibiwa wanaomwelewa. Mumeo ni mmoja. Meya anasema watu wa jiji wamechagua baraza lao, waachwe wapange wenyewe. Wewe unaweza kumpenda yeyote. Lakini karatasi ya kura haitakuuliza unampenda nani. Itakuuliza mtaa utoke au ubaki. Hilo tu."

"Na tukitoka?"

"Mnatoka kwenye huduma zote za jiji. Polisi wa jiji hawaji. Zimamoto ya jiji haiji. Ambulensi ya pale kanisani haiji."

Maribel alishika ukingo wa meza. "Haiji hata kama ni mtoto?"

"Jiji likiwa na gari la ziada, linaweza kusaidia. Linaweza. Hiyo si ahadi. Utapiga simu, wataona anwani yako iko nje ya jiji, watakuhamishia kaunti. Utaanza kueleza upya. Ambulensi ya kaunti ya upande huu inakaa Dorn."

"Dorn kwenye vinu vya pamba?"

"Huko huko. Na usiniamini mimi. Mimi ni bibi mzee mwenye maneno mengi. Mwambie mumeo aendeshe kutoka Dorn mpaka hapa, aangalie saa."

Usiku ule Maribel hakula. Rogelio aliposikia habari za Dorn alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Bi Verna anapenda kutisha watu. Ni dakika kumi na tano tu."

"Basi twende Jumamosi. Ikiwa kumi na tano, sitasema neno tena."

"Neno hata moja? Twende hata sasa!"

Jumamosi asubuhi walikwenda wote watatu, kwa sababu Itzel hakuwa na wa kukaa naye. Walifika Dorn. Ambulensi ilikuwa moja, imeegeshwa kando ya ofisi ndogo. Rogelio aliuliza kwa heshima. Mhudumu aliyekuwa zamu alimjibu bila kuficha: "Tuko wawili na gari moja, kaka. Tukiwa tumetoka, linakuja la mji wa pili. Hilo ni mbali zaidi."

Rogelio alirudi kwenye gari kimya. Aliangalia saa. "Haya. Tunaanza."

Aliendesha kwa kasi. Maribel alimwona akikaza taya. Dakika ya nane walifika kwenye reli. Taa nyekundu ziliwaka, kizuizi kikashuka. Treni ya mizigo ikaanza kupita polepole.

Itzel alihesabu mabehewa. "Kumi na saba. Kumi na nane." Vumbi la pamba lilikuwa linapeperuka kutoka kwenye vinu. Rogelio alifunga madirisha, lakini lilikuwa limeshaingia.

"Arobaini na moja," Itzel alisema. Kisha akakohoa. Akakohoa tena.

Maribel aligeuka. "Itzel, niangalie. Sema jina lako lote."

"Itzel... Marisol..." Pumzi ikakatika. Mluzi ulikuwa umeanza.

Treni ilipunguza mwendo. Ikasimama kabisa, imeziba barabara.

"Hapana," Rogelio alisema. "Hapana, hapana. Sogea, wewe!" Alipiga honi kana kwamba treni ina masikio.

"Acha honi! Nipe mkoba."

Maribel alifanya kama muuguzi alivyomfundisha. Alimketisha Itzel wima. Alitikisa kopo la dawa ya kuvuta, akalichomeka kwenye chupa yake ya plastiki, akaweka mdomo wa chupa kinywani mwa mtoto. Akabonyeza mara moja. "Vuta taratibu. Shikilia. Toa. Vuta tena." Alisubiri kidogo, akatikisa kopo, akabonyeza tena. Mikono yake ilikuwa imara.

Rogelio alimwangalia binti yake kwenye kioo. Jasho lilimtiririka, ingawa kiyoyozi cha gari kilikuwa kikifanya kazi.

Baada ya muda mluzi ulipungua. Rangi ya midomo ilikuwa nzuri. Itzel akasema kwa sauti ndogo, "Nimesahau nilifika ngapi."

Hakuna aliyecheka. Treni iliondoka. Walipofika nyumbani, Rogelio aliangalia saa.

"Thelathini na nne," alisema. Alikaa ndani ya gari, mikono juu ya usukani. "Maribel, ingekuwa ile siku ya mwezi wa pili..."

"Usiseme," Maribel alisema. "Najua."

Rogelio aling'oa lile bango mwenyewe. Jioni alivuka barabara kwenda kwa Bi Verna.

"Nimekuja kutukanwa," alisema.

"Ingia, kuna viti vya kutukaniwa," Bi Verna alijibu. "Dakika ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Treni?"

"Treni."

"Mimi nimewahi kukaa na mama mmoja kwenye simu dakika zote hizo. Sitaki tena." Alimsogezea kiti. "Lakini hasira yako ni ya haki, Rogelio. Uliibiwa, na uliachwa ukingoja. Umeipeleka tu mlango usio wake. Una namba za taarifa ulizopewa na polisi?"

"Nilizitupa. Za nini?"

"Zitafute. Piga simu kituoni, watakupa tena. Kapteni wa polisi wa upande huu huketi na wakazi kila mwezi, Alhamisi ya pili, maktaba. Nenda na namba zako. Nenda na majirani walioibiwa. Sema siku, saa, na mtaa. Mtu mmoja mwenye kelele wanamsahau. Watu saba wenye tarehe hawasahauliki."

"Na kura?"

"Jina lako liko kwenye daftari la wapiga kura?"

"Ndiyo. Nilijiandikisha zamani, tulipokuwa tunaishi mtaa wa Calle Once."

Bi Verna alipiga meza. "Calle Once! Hapo si Quail Hollow! Wewe mwanamume, kwa kura hii humo kwenye daftari kabisa. Na Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kubadilisha anwani."

Rogelio alishika kichwa. Bango la kura alikuwa amelichomeka mbele ya nyumba, na kura yenyewe hakuwa nayo.

Jumatatu hakwenda kazini. Alisimama foleni katika ofisi ya kaunti mpaka fomu yake ikapokelewa na kugongwa muhuri. Alhamisi alikwenda maktaba na majirani sita. Kapteni hakuwaahidi maajabu. Lakini aliandika, na wiki iliyofuata gari la doria lilianza kupita Quail Hollow alfajiri, saa ambazo wezi walipenda. Vifaa vya Rogelio havikupatikana, isipokuwa ngazi moja iliyopinda.

Jioni baada ya kazi, yeye na Maribel walipita kwa majirani. Hawakumsema gavana. Hawakumsema meya. Waliuliza swali moja tu: "Tukitoka jijini, ukipiga simu ya dharura, unajua nani atakuja?" Wengi hawakujua. Wengine waliwafungia mlango. Bwana Kolb aliwaita vibaraka wa jiji.

"Nenda Dorn na saa yako," Rogelio alimwambia. "Umsalimie mwenye treni."

Siku ya kura Maribel alisoma swali mara mbili kabla ya kuweka alama. Usiku alikaa karibu na redio, ngumi zimefumbwa. Quail Hollow ilibaki jijini kwa tofauti ya kura hamsini na tatu.

Mambo hayakuishia hapo. Adhabu nyingine zilikuwa bado zinalibana jiji, na mwishowe baraza lilikubali kuzirudisha fedha za polisi. Sasa fedha zile zingetoka wapi? Kulikuwa na mazungumzo ya kuiondoa ambulensi ya pale kanisani. Maribel alisikia habari hizo kazini, jikoni mwa shule. Lakini sasa alijua mlango wa kugonga. Alijiandikisha kuzungumza kwenye kikao cha bajeti, akapewa dakika mbili. Alisema alichokiona kwenye reli, akaketi. Baada yake walisema majirani kumi na wanne.

Ambulensi ilibaki. Bwawa la kuogelea la watoto lilifungwa, na maktaba sasa hufunguliwa siku tatu kwa wiki. Rogelio anasema si haki. Maribel anasema bajeti ijayo watarudi kulisemea bwawa.

Mwezi wa kwanza baridi ilishuka ghafla. Asubuhi moja Maribel alisimama mlangoni mwa chumba na kusikia mluzi. Dawa ya kuvuta haikutosha. Itzel hakuweza kumaliza sentensi. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Maribel alipiga simu. Rogelio alikimbia barabarani peku, akapunga mikono kabla hata ya kuona gari.

Lilikuja kutoka upande wa kanisa. Dakika saba.

Wahudumu walimfunika Itzel kifaa cha hewa usoni. Maribel alimshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Alihesabu pumzi moja moja, mpaka zikaanza kwenda bila yeye kuzihesabu.

Itzel alisogeza kile kifaa kidogo. "Baba, leo si ndiyo mtihani wa hesabu?"

"Ndiyo," Rogelio alisema. Alikuwa bado peku, na machozi yalimfika kidevuni.

Itzel alikirudisha kifaa usoni na kufumba macho. "Basi bado naumwa," alisema.