Nyumba Iliyobaki Shimoni

Siku ile walikuwapo watatu tu: rafiki yangu Poongodi, aliyenisimulia haya, mama mkwe wake Ponnathal, na Selvam, dereva wa tingatinga la kampuni ya serikali inayochimba makaa ya kahawia. Kijiji kilikuwa kimeshahamishwa. Wanawake hao walirudi alfajiri kuchukua mlango wao wa mbao kabla nyumba haijavunjwa.

Selvam, kijana mwema, aliwasaidia kuung'oa. Ndipo wakasikia ndani, gizani, jiwe la kusagia likizunguka polepole, krrr, krrr. Jiwe lao lilikuwa limeshapelekwa makazi mapya.

Poongodi alimulika tochi. Chumba kilikuwa kitupu, na sauti ikaendelea.

"Mama, twendeni," Selvam alinong'ona.

"Nenda wewe na dude lako!" Ponnathal alifoka. "Unasikia kabisa watu wanasaga, bado unataka kuwaangushia ukuta? Rudisha mlango wangu!"

Selvam aliurudisha, kisha akazima tingatinga.

"Mimi sivunji, Mama. Wanifukuze."

Walimfukuza kweli. Madereva waliomfuata nao walikataa. Leo shimo la makaa limeizunguka nyumba ile pande zote, njia ya kuifikia hakuna, na kila asubuhi kizingitini pana maua mapya yaliyochorwa kwa unga wa mchele, kama wanawake wa kijiji kile walivyozoea kuchora milangoni mwao kila alfajiri.