Mbege ya Kaburini

Jioni ile nilimpelekea mdogo wangu Thadeus ndizi za kupika. Yeye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kihamba, shamba letu la urithi la nyumbani Kirua Vunjo, alipewa yeye, pamoja na kaburi la Mama lililomo. Mimi binti nilipewa pole.

Bei ya kahawa ilipoanguka, wenzake waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Yeye akaleta mbegu nyembamba kama uzi, za maua yanayokula wadudu. Alipewa na mgeni aliyekutana naye huko Rau, hata jina hakumuuliza. Eti watalii wangeyagombania! Mgeni alimwambia asizifukie, azitandaze tu juu ya zile ndevu za kijani zinazoota kwenye mawe ya mfereji. Asitie samadi. Anyunyize maji ya mvua.

Penye kivuli na unyevu wa kutosha palikuwa kaburini. Akang'oa masale yote tuliyopanda kulizunguka, akayatupa, akatandika ndevu zile na mbegu juu yake.

Masale! Sisi Wachagga ndiyo tunayobeba kuombea msamaha. Ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo, hata kama ulimchomea nyumba, anakusamehe. Hayakataliwi.

Nilifika jua linazama. Nikabisha hodi.

Kisha nikasikia harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Nani kapika? Thadeus hajui hata kuloweka ulezi. Nikaifuata harufu hadi nyuma ya nyumba.

Alikuwa amepiga magoti kaburini, midomo imelowa. Maua yalining'inia kumzunguka, kila moja kubwa kama kata, lina kifuniko chake, limejaa.

"Dada," alinong'ona. "Onja. Ni ya Mama."

"Mama alishakufa, Thadeus."

"Msesewe umezidi... kama siku zote."

Kweli, Mama alizidisha msesewe, lile gome chungu la kutia kwenye mbege. Ule uchungu niliusikia puani.

"Anaonja kwanza yeye," akasema. "Halafu ananipa."

Kifuniko cha ua lililo karibu naye kikainuka. Taratibu. Ndani yake...

Mtu alimeza.

"Dada, miguu siisikii." Alikuwa analia sasa. Zile ndevu za kijani zilishamfika mapajani. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, hakusogea. "Niombee msamaha. Lete masale."

Nyumba nzima hapakuwa na hata jani moja. Nikakimbia mpakani kwa jirani, nikachuma, nikafunga fundo.

Niliporudi, buti zake tu zilikuwa zimesimama.

Nikaliweka jani kaburini. Nikamwomba Mama kwa Kichagga, kwa Kiswahili, kwa rozari. Vifuniko vikajifunga, kimoja baada ya kingine.

Tulitafuta, tukafukua, hatukupata kitu. Watu wakasema kaenda Mererani kuchimba, kama vijana wengine. Waseme. Hakuna anayekwenda kuchimba peku.

Maua niliyachoma mwenyewe. Lakini kesho yake asubuhi, nilipofungua mlango wangu, nililikuta jani kizingitini. Lile lile, na fundo langu. Limelowa, linanuka msesewe.

Nina hasira nawe, Mama, na sikufichi. Masale hata adui hayakatai.

Wewe umeyarudisha ya mwanao.