Mume Wangu Alihesabiwa Mara Mbili

Dodoso lilikuwa na jina la mume wangu, lakini nyumba haikuwa yangu.

Jina la kwanza, lake. La pili, lake. La tatu, la babu yake. Kazi: mpiga gitaa la besi. Nafasi: mkuu wa kaya.

Ndugu zangu, mimi ni msimamizi wa sensa katika jiji kuu lenye watu milioni nne na kumbi za starehe mia mbili na nne. Nakagua madodoso. Aliyeandikwa mara mbili, namfuta mahali pamoja.

Nikamwita karani aliyelileta, mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, kaya hii ulifika mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu, bosi. Nyumba ya geti la bluu."

"Huyu baba ulimwona, au uliambiwa tu?"

"Nimwone mara ngapi? Alikuwa na kaptura, anamsuka binti yake nywele. Nikamwambia, baba, wewe umefundwa. Akacheka."

Kwangu hajawahi kushika hata ufagio...

"Usiku wa sensa alilala wapi?"

"Hapo hapo. Kumbi zote si zilifungwa saa nne kwa amri yenu? Mji mzima ulinyamaza kama umefiwa."

Amri ile niliichapa mimi. Lakini mume wangu aliniambia, "Sisi tunapiga hotelini, kwa wageni. Hoteli haifungwi." Nikamwamini. Kanuni inasema anayekesha kazini huhesabiwa nyumbani kwake, basi nikamwandika kwangu, kwa mkono wangu.

Nikapiga simu hotelini.

"Bendi? Usiku ule? Dada, hata redio tulizima."

Nikarudi kwenye dodoso, nikashuka hadi swali la ndoa. Nilitaka kujua huyo mwizi wa mume alianza lini.

Miaka kumi na mmoja.

Yangu ina saba.

Nikasoma tena, taratibu. Mwizi alikuwa... mimi.

Mtasema ningembana. Kwa kinywa gani? Niliapa mbele ya hakimu kwamba ninachokiona kwenye dodoso hakitoki nje, si kwa mama, si kwa mume. Nikimuuliza tu, nimevunja kiapo, na adhabu yake ni jela.

Ilibaki kanuni moja: mtu huhesabiwa alikolala.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikamfuta kwangu. Kaya ikabaki na mtu mmoja. Mkuu wa kaya, mimi. Wanakaya wengine, hakuna.

Jioni alikuja kuchukua gitaa.

"Vipi, mke wangu? Jiji tumefika wangapi?"

"Bado tunajumlisha."

"Na mimi mmenihesabu? Msije mkanisahau, maana nyie watu wa ofisi."

"Umehesabiwa."

"Safi."

Akatundika gitaa begani. Mlangoni akageuka.

"Leo usinisubiri. Kazi ni ndefu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kinywa kilikuwa cha serikali.

Nilijua idadi ya watu wa jiji zima, sikujua ya nyumbani kwangu. Wenzangu mlioolewa na watu wa kumbi, msihangaike na anakokesha siku za kazi. Angalieni anakolala siku ukumbi umefungwa.