Kanga Isiyokauka

Kanga ilianikwa asubuhi, jua la mtaani Mafiga likawaka mpaka kuku wakajibanza ukutani, lakini alasiri bado ilikuwa ikidondosha maji. Chausiku akaikamua tena. Ilinuka mafuta ya mashine.

Hakushtuka sana. Yeye mwenyewe alinuka hivyo miaka yote aliyofuma kiwandani, kabla tajiri hajatangaza kufilisika na idara yao nzima kutolewa nje ya geti. Hatibu, mwenyekiti wa wafanyakazi, aliyewaapia kwamba hakuna atakayeachwa, ndiye pekee aliyebakizwa. Mtu mzima hana haya. Siku ileile alimletea Chausiku kanga hiyo, akamwambia, "Zawadi ya mwanao." Chausiku akashukuru, tena kwa machozi.

Binti yake, Nasra, alijitanda kanga hiyo mara moja tu. Tangu hapo hakula, na ukiweka sikio kifuani pake ulisikia mtambo ukifuma, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kasi iliyotetemesha vikombe kabatini, huku binti akikonda kama bunda la uzi linalovutwa hadi liishe, na mama yake ameshika mkono wake asijue auvute wapi.

Alasiri hiyo Nasra alifumbua macho, akasema kwa sauti ya mwanamume aliyechoka.

"Tajiri alinifuga nimletee mali. Kafilisika, kanifukuza na mimi. Nina njaa."

"Mwanangu amekukosea nini?" Chausiku alinong'ona.

"Hajanikosea. Hatibu aliachiwa kazi kwa sharti anitafutie nyumba. Akataja yako."

Iliuma kuliko siku ya geti. Walikula sahani moja na Hatibu miaka yote ile. Akamsihi jini amrudie huyo aliyemtuma.

"Sirudi nilikotoka. Nitajie nyumba nyingine, nimwache binti."

Nje mtu akabisha hodi. Alikuwa Joyce, aliyefuma naye mtambo mmoja, sasa analima kwao milimani Uluguru. Kila akishuka sokoni huwapitishia mboga na hataki hata shukrani. Mgongoni alimbeba mwanawe mchanga.

Chausiku akamtazama Nasra, mbavu zote nje. Alijua anachokifanya, na akakifanya. Akalitaja jina la Joyce kwa sauti ndogo.

Mtambo ukanyamaza. Nasra akaomba uji.

"Dada Chausiku," Joyce aliita kutoka kambani, "kanga yenu imeshakauka. Niwakunjie?"

"Ichukue, mdogo wangu. Zawadi ya mwanao."

Joyce akashukuru, tena kwa machozi.